Siku Niliyomshinda Hategekimana

Mimi ni mtu wa kupenda kushinda. Nalisema mapema ili asiyependa watu wa namna hiyo aache kusoma hapa. Kwa miaka ishirini na saba nilifundisha historia katika shule moja ya sekondari ya Goma, na katika chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, alikuwa Jean de Dieu Hategekimana akifundisha historia ile ile kwa madarasa mengine. Mimi nimetoka upande wa Bukavu, yeye ni mtoto wa Rutshuru, kule karibu na Kiwanja. Sote tumestaafu na sote tunakaa mtaa wa Murara. Mke wangu, Jeanine, alizoea kusema kwamba mimi na Hategekimana tumegombana kuliko mtu na mkewe, na bado hatujaachana.

Shuleni tulianzisha kilabu cha deba, yaani mdahalo. Kanuni yake ilikuwa moja na tuliishika sana: hakuna kuchagua upande. Unatia mkono ndani ya bakuli, unachomoa kikaratasi, na upande ulioandikwa humo ni wako mpaka mwisho. Ukipata upande usioupenda, ndiyo vizuri zaidi, kwa sababu hapo ndipo unapojifunza kuongea. Washindi walipatikana kwa makofi. Wanafunzi wetu wengi leo ni mawakili, makatibu na wahubiri, na nilikuwa nikijisifu kwamba midomo yao nimeinoa mimi.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, shirika letu la parokia lilituomba sisi wazee wawili tufanye deba moja ya hadhara siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru. Mada waliichagua wenyewe: sikukuu ya taifa ibaki tarehe 30 Juni, au ihamie tarehe 1 Agosti?

Kwa asiyejua, nieleze kidogo, maana huu ni ugonjwa wa walimu. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Tarehe 1 Agosti kwetu ni Siku ya Wazazi: asubuhi tunasafisha makaburi ya wazazi waliokufa, mchana tunawapelekea walio hai kitenge, kuku, soda, na maneno mazuri tuliyoyasahau mwaka mzima. Lakini tarehe hiyo hiyo, mwaka 1885, mfalme wa Wabelgiji aliwaandikia wakubwa wa Ulaya kuwatangazia kwamba nchi hii sasa ni dola na yeye ndiye mwenye dola. Na mwaka 1981 sheria ya Zaire iliifufua tarehe hiyo. Ilisema raia ni yule ambaye kabila la mababu zake lilikuwa hapa tangu siku ile. Kabla yake, sheria ya 1972 ilikuwa imewapokea watu wa asili ya Ruanda waliofika Kivu kabla ya mwaka 1950. Kwa miaka tisa walikuwa raia, kisha wakaamka asubuhi moja wakaambiwa hapana. Mwaka 2004 sheria nyingine ikaja ikarudisha tarehe kwenye 30 Juni 1960. Watu hawakuhama nyumba zao, tarehe ndiyo ilikuwa ikihama.

Hayo yote niliyajua. Niliyafundisha na chaki. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Hategekimana alikuja kwangu wiki moja kabla ya deba. Vita vilikuwa vimekaribia Sake, mwendo mfupi kutoka mjini, kambi za Mugunga zimejaa watu waliokimbia mashamba yao, na mjini mtu akisikika akisema Kinyarwanda, lugha ya kina Hategekimana, kwenye simu alitazamwa mara mbili.

"Ndugu, hii deba tuiache," aliniambia. "Mwaka hii watu wako na moto ndani ya roho. Tutafute sujet ingine, ata bei ya makala ya kupikia."

"Weye unaogopa kushindwa tu," nikamwambia.

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha puani, cha mtu aliyekwisha kukubali. "Aya. Lakini tuende polepole," akasema.

Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Tulitia mkono ndani ya bakuli. Yeye akachomoa 30 Juni, mimi nikachomoa 1 Agosti. Nataka ieleweke: moyoni mwangu mimi ni mtu wa 30 Juni. Baba yangu alinibeba mabegani siku ile pale Bukavu, nami nikashika bendera ya karatasi. Kama ningepata kikaratasi kile kingine, ningesema kweli tupu na pengine ningeshindwa kwa uvivu. Nilipopata kile cha uongo, damu ilinichemka kwa furaha.

Nilianza vizuri. Nilisema siku ya kuzaliwa ya mtoto si siku aliyotoka kwa mlezi, ni siku aliyopewa jina. Nilisema 30 Juni haikukaa hata wiki moja kabla askari hawajaasi. Nilisema kwamba tarehe 1 Agosti tayari tunawakumbuka waliotuzaa, sasa kwa nini taifa lisile sikukuu yake siku hiyo hiyo, miguu ikiwa bado na udongo wa makaburi? Akina mama walinipigia makofi.

Hategekimana alisimama. Hakuwa msemaji wa kelele. Alikuwa akiongea kama mtu anayehesabu chenji, taratibu, hakosei.

"Premier août 1885," alisema, akitaja tarehe kwa Kifaransa kama kawaida yetu, "nani kati ya babu zetu alikuwa na habari? Mufalme mumoja kule Bruxelles aliandikia wenzake barua: hii inchi njo yangu. Sasa munataka tuchezee ile barua ngoma?" Watu wakacheka. Akaendelea. "Mimi ninapenda trente juin ju ya kitu moja. Ile siku, mutu yote mwenye alikuwa ndani alipata uhuru. Mwenye alikuwa hapa tangu zamani, na mwenye Wabelgiji walileta na lori, wote walilala chini ya mukoloni, na wote waliamuka bila yeye. Siku yenye inaingiza watu wote, njo mimi ninaita sikukuu ya taifa. Ile ingine iko ya kuuliza mutu: weye ulitoka wapi?"

Makofi yaliyofuata sikuyapenda. Yalikuwa marefu. Yalikuwa ya watu walioguswa, si ya watu waliochekeshwa, na mimi nilijua tofauti. Niliona deba inaniponyoka mbele ya wanafunzi wangu wa zamani, na hasira ikanipanda, hasira ya kijinga ya mtu wa miaka sitini na nane.

Nikasimama tena. "Prof Hategekimana, miko na swali moja tu. Premier août 1885, babu yako alikuwa wapi?"

Walio madirishani walisogeza vichwa ndani.

Ulikuwa mtego mzuri, nausifu mpaka leo kwa namna fundi anavyousifu msumeno uliomkata kidole. Jibu nililijua. Nilikwenda kwao mara tatu, nililala kwa baba yake mdogo, nilioneshwa shamba walilolima kabla Mzungu wa kwanza hajapita Bwisha, kule kwao Rutshuru. Akijibu "alikuwa hapa," nitasema: basi tarehe yangu inakudhuru nini? Asipojibu, atakuwa ameshindwa. Nilikuwa nimeifunga milango yote miwili.

Hategekimana alitazama safu ya pili. Pale alikaa mkewe, Mukamurenzi, mkoba juu ya magoti. Baba yake Mukamurenzi ni mmoja wa wale walioletwa Masisi kutoka Ruanda kwa lori mwaka 1937, kijana wa miaka ishirini, kuja kulima mashamba ya Wabelgiji. Mukamurenzi mwenyewe alizaliwa Masisi, akabatizwa Masisi, na Ruanda anaijua kwa kuiona ng'ambo ya mpaka kama sisi wote.

Kisha akanitazama mimi. Alikaa chini.

Walinipigia makofi kwa miguu na kwa viti. Nilishinda.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani Jeanine aliniuliza, akimwita Mukamurenzi kwa jina la mwanawe, "Ulimuona Mama Nishimwe?"

"Alikuwa na nini?"

"Tangu uliuliza ile swali, aliangalia chini mupaka tukatoka."

"Deba ni deba," nikamjibu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilielewa palepale ukumbini, alipoangalia safu ya pili. Ningeweza kugeuka njia siku hiyo hiyo, nikapiga hodi kwake, nikasema ndugu yangu nimekukosea. Ni dakika nne kwa miguu. Sikwenda, kwa sababu mtu aliyeshinda haendi kuomba radhi jioni ya ushindi wake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri.

Baada ya siku mbili video ikaanza kuzunguka kwenye simu. Haikuwa deba nzima. Zilikuwa sekunde arobaini: swali langu, kimya, Hategekimana anakaa, makofi. Juu yake mtu aliandika kwamba Prof Buhendwa, yaani mimi, amemfunga mtu kinywa. Asiyemjua Hategekimana angeona mzee wa jina la Kinyarwanda anaulizwa babu yake alikuwa wapi, na mzee hana la kusema. Jeanine alipoiona aliweka simu kifudifudi juu ya meza. Mimi niliitazama mara sita. Kisha, na hili ndilo linaloniamsha usiku, niliituma kwa ndugu zangu wa Bukavu.

Katikati ya Julai alikuja Nishimwe, mtoto wao wa mwisho. Ni mkunga, na mimi ndiye baba yake wa ubatizo. Nilimshika kichwa akimwagiwa maji, nikala kuku wake wa komunyo ya kwanza, nikamsahihishia madaftari. Alikuwa amepata kazi katika hospitali moja ya Kisangani. Walimtaka alete sertifika ya uraia kabla ya tarehe 31, na bila hiyo nafasi angepewa mwingine.

"Papa Buhendwa, pa biro wananiomba shahidi," alisema. "Mutu muzima mwenye anajua famille. Na ju ya jina yetu, wanataka asikuwe wa kabila yetu. Haiko ndani ya sheria, lakini njo vile wako wanafanya. Nilisema, nani tena kama haiko weye?"

Hakutaja deba. Sijui kama baba yake alimkataza au ni adabu yake tu. Nilimwambia kesho saa mbili asubuhi tutakuwa pale, na nikavaa suti yangu ya harusi za watu.

Ofisi yenyewe sitaitaja, na haitasaidia mtu kuijua. Katibu aliyeshughulikia madosie, yaani majalada ya waombaji, alikuwa Jeancy, mwanafunzi wangu, bingwa wa kilabu chetu kwa miaka miwili mfululizo. Nilifurahi kumwona. Nilimwambia Nishimwe kwa sauti ya chini kwamba kazi imekwisha.

Jeancy aliniletea kiti mwenyewe. Aliuliza afya ya Jeanine. Alifungua dosie, akasoma karatasi moja moja: ya ubatizo, ya shule, diploma ya ukunga, karte ya kura iliyofutika maandishi kama za nusu ya mji. Kisha akatoa simu.

"Prof, mimi ninakuheshimu. Weye njo ulinifundisha kuongea. Lakini kuko kitu moja inanisumbua."

Akaigusa simu. Nikajisikia mwenyewe ndani yake, sauti nene, ya kujipenda: babu yako alikuwa wapi? Kisha kimya. Kisha makofi. Nishimwe alikuwa ameketi pembeni yangu, mikono juu ya mapaja, akitazama ukuta.

"Ile ilikuwa deba," nikasema. "Nilitosha kikaratasi ndani ya bakuli. Weye unajua kanuni."

"Ninajua. Lakini swali ilikuwa ya kweli, ao haikukuwa ya kweli?"

"Jibu miko nayo. Bababu ya Hategekimana walikuwa Bwisha mbele ya Wazungu. Nilifika kwao, niliona na macho yangu."

"Basi ju ya nini hakusema?"

Nilirekebisha tai yangu. Jeancy akapindua ukurasa, akauliza kwa upole, kama nilivyomfundisha kuuliza, "Na mama ya musichana alitokea wapi?"

Hapo nilikuwa na njia rahisi. Ningeweza kusema mama ni wa Masisi, nikaacha hapo. Au ningeweza kusema mama hatuhusu, tumshike baba, baba ni wa hapa tangu zamani, andika. Pengine angeandika. Lakini Nishimwe alikuwa ameyatoa macho ukutani, ananitazama mimi, na nikaelewa kwamba hilo ndilo jambo lililomfanya baba yake akae chini. Ili aingie yeye, ilibidi mkewe abaki nje.

Kwa hiyo nilisema yote. Nilisema baba yake Mukamurenzi aliletwa na Wabelgiji mwaka 1937, hakuja kuiba shamba la mtu. Nilisema Mukamurenzi alizaliwa Masisi, na tarehe 30 Juni 1960 alikuwa msichana mdogo ndani ya nchi hii, akapata uhuru pamoja nami. Nilisema sheria ya 1972, nikasema kosa la 1981, nikafika 2004. Nilisema kwamba nchi haiwezi kukaa inamuuliza mtu kila asubuhi ametoka wapi. Niliongea vizuri kuliko siku ya deba, Mungu ananijua, na kila neno nililiamini. Hata yule mama aliyekuwa akipiga mihuri meza ya pili alisimamisha mkono.

Jeancy alinisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono.

"Prof, ile iko upande ya Prof Hategekimana," alisema. "Na weye ulimushinda. Sisi wote tulikupigia makofi."

Hakuwa akinidhihaki. Hilo ndilo baya. Aliniambia kwamba shahidi anayesema hivi leo na vile kesho, yeye hawezi kumweka kwenye dosie, maana wakubwa wake nao wameiona video, na atakayeulizwa ni yeye. Hakukataa. Aliandika juu ya jalada kwamba dosie ingoje habari zaidi, akagonga tarehe. Nilimkasirikia, nikamwita mwoga mbele ya watu, nikapiga meza. Nishimwe ndiye aliyenishika mkono wa koti akanitoa nje. Barabarani alinisafisha vumbi begani na kusema, "Asante, Papa. Ulisema vizuri."

Tulirudi mara tatu. Mara ya kwanza mkubwa hayupo, mara ya pili dosie iko kwa mkubwa, mara ya tatu mkubwa ameuliza kwa nini shahidi ni yule yule. Tarehe 31 ilipita siku ya Jumatatu. Kisangani wakamchukua mtu mwingine.

Kesho yake ilikuwa 1 Agosti. Kila mwaka asubuhi hiyo Hategekimana alikuwa akija tusafishe pamoja kaburi la mama yangu, kwa kuwa makaburi ya kwao yako Kiwanja na njia ya huko mara kwa mara hufungwa na vita. Nilidhani hatakuja. Alikuja, na jembe lake na kofia yake, akanisalimia kama siku zote, na ningependa sana asingekuja.

Tulikata majani. Udongo wa pale ni mawe ya volkano, jembe linalia. Tulipomaliza nikashindwa kuvumilia.

"Ju ya nini haukujibu ile siku?" nikamuuliza.

Alijifuta jasho. "Ningejibu, ningekuwa nimeingia ndani ya nyumba na kufunga mulango, na Mukamurenzi iko inje. Miaka makumi ine niko naye, Buhendwa."

"Ilikuwa mbele ya watu wa hapa tu. Ungesema, ingeisha."

"Mbele yake njo nisingeweza." Akakaa kwenye jiwe. "Lakini haiko ile njo iliniuma. Mutu mwenye hajui, aniulize. Weye ulikuwa unajua jibu."

Nilipiga magoti. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia mimi ni mpumbavu, kwamba niliona deba inaniponyoka, kwamba video niliituma na mimi pia. Hilo la video hakulijua. Akachukua jani moja, akalikatakata.

"Nilikusamehe ile ile siku," alisema mwishoni. "Simama, suruali inachafuka. Lakini musamaha yangu haina muhuri, ndugu. Siwezi kuiweka ndani ya dosie ya mutoto."

Mchana ule watoto wangu walikuja na kitenge cha mama yao na shati langu. Nilivaa shati, nikapigwa picha, sikula.

Nilijaribu kutengeneza. Nilimwomba jirani anirekodi nikieleza mambo yote: kikaratasi, bakuli, shamba la Bwisha, lori la 1937, sheria zote kwa mpangilio wake. Ilikuwa dakika saba. Niliituma kwenye makundi ya simu ilikozunguka video ile. Waliiangalia watu kumi na mmoja, na wawili kati yao ni mimi na Jeanine. Ile ya sekunde arobaini bado inatembea. Juzi kijana wa moto, pikipiki ya abiria, alipoona uso wangu, aliniambia nauli nisilipe, yeye ni shabiki wangu.

Mwisho wa Agosti Nishimwe alivuka mpaka. Kliniki moja ya Gisenyi, upande wa Ruanda, ilikuwa inatafuta wakunga, na rafiki yake wa shule alimwita. Hakutaka. Aliondoka na begi moja kama mtu anayekwenda kurudi. Wiki haikuisha, nikasikia mtaani, kwa masikio yangu, mama mmoja akimwambia mwenzake kwenye foleni ya maji, "Si unaona? Amerudia kwao." Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu kumi na mawili mdomoni. Kisha nikakumbuka kwamba swali ni langu, wao wanalijibu tu, nikachukua kidumu changu kitupu nikaenda nyumbani.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikuwa kwa Hategekimana. Siku hizi naenda kila Jumapili. Mukamurenzi ananipa kiti na chai, ananiita Papa Buhendwa kama zamani, hajawahi kunipunguzia sukari wala neno. Ila hakai tena tukiongea historia. Anaamka, anakwenda kuangalia maharagwe.

Simu ya Hategekimana ililia. Alikuwa Nishimwe. Baba yake akaweka sauti kubwa ili mama yake asikie kutoka jikoni.

"Papa, hamujambo? Niko hapa na fomu yao ya kazi. Kuko pa kuandika nationalité, uraia. Nikiandika Congolaise, wanataka sertifika. Nikiandika ingine, nitakuwa nimesema bongo, uongo mutupu. Kesho asubui ninairudisha. Niandike nini?"

Hategekimana akaninyooshea simu. Sikuona ubaya usoni mwake, nautafuta mpaka leo.

"Baba yako ya batizo iko hapa," alimwambia binti yake. "Yeye njo anajua hii mambo. Umuulize."

Nikaishika simu. "Mwana wangu, uandike Congolaise."

"Na sertifika, Papa Buhendwa?"

"Uwaambie iko inakuja."

Nilisikia kalamu ikiandika kwenye karatasi kule ng'ambo, kisha ikasimama.

"Hapa wanaomba niweke na siku yenye itafika," alisema. "Niweke tarehe gani?"

Jikoni Mukamurenzi alikuwa ameacha kukoroga. Mimi najua 1885, najua 1937 na 1960, najua 1972, najua 1981, najua 2004, nazijua na mwezi na siku zake. Nishimwe aliita, "Papa? Uko unanisikia?" Nikasema ndiyo, nasikia. Akangoja. Nikamrudishia baba yake simu.